Sura ya Sita: Miaka ya Mwanamke Katika Filamu za Taharuki

Mwaka 1959 Alfred Hitchcock alitoa filamu ya North by Northwest, ambamo Cary Grant anaigiza bwana mmoja wa kazi ya matangazo ya biashara anayedhaniwa kuwa jasusi, akawindwa mji hadi mji na watu asiowajua kwa jambo asilolitenda. Na bwana huyo anaye mama, bibi mcheshi wa maneno ya mkato, ambaye katika masaibu yote yanayomfika mwanawe haamini hata moja. Mama huyo aliigizwa na Jessie Royce Landis, aliyezaliwa 1896. Grant mwenyewe alizaliwa 1904. Mama, basi, alimzidi mwana kwa miaka saba na kitu, na miaka minne kabla ya hapo, katika To Catch a Thief ya mwongozaji huyo huyo, bibi Landis alikwisha kuwa mama wa msichana ambaye Grant alimpenda na kuelekea kumwoa.

Lau jambo hili lingalitokea mara moja tu, tungalisema ni tukio la soko la waigizaji, ambalo halina maana ya kutuchelewesha. Walakini lilikuwa ada. Katika Notorious ya 1946, Claude Rains, aliyezaliwa 1889, ni tajiri aliyejificha Brazili pamoja na wenziwe waliobaki wa utawala wa Hitler, na mama yake, mwanamke wa uso mkavu aliyezungushia kichwa nywele za kusuka, aliigizwa na Leopoldine Konstantin, aliyezaliwa 1886. Katika The Manchurian Candidate ya 1962, Angela Lansbury alikuwa mama wa Laurence Harvey, hali yeye alizaliwa Oktoba 1925 na huyo mwanawe Oktoba 1928. Miaka mitatu, katika kila moja ya filamu hizi mbili, ndiyo iliyomtenga mzazi na mzaliwa, na mamilioni ya watazamaji walikaa gizani wakaitazama hesabu hiyo pasipo yeyote kuinuka akauliza. Nami naona kwamba kutouliza kwao ni jambo kubwa kuliko hesabu yenyewe, kwa kuwa watu hawaulizi juu ya lile walilokwisha kulikubali kabla ya kukata tikiti.

Walilokubali ni hili: kwamba umri wa mwanamume na umri wa mwanamke haupimwi kwa kipimo kimoja. Grant, mwenye miaka 55 filamu ilipotoka, alihesabiwa kuwa mtu wa makamo anayestahili kukimbizwa na ndege mashambani na kupendwa garini moshi na mwanamke mwenye miaka ishirini pungufu yake, ilhali mwanamke mwenye miaka 62 alikwisha kutolewa katika safu ya watu wanaotendewa na kutenda mambo, akawekwa katika safu ya jamaa za watu. Sisemi kwamba mwanamke mzee asiigize mama. Mama ni wadhifa mkubwa, na duniani hakuna aliyeukosea heshima akabaki na heshima yake. Ninalolaumu ni kwamba katika filamu za taharuki umama ulifanywa aghalabu kuwa mlango wa pekee ambao mwanamke aliyevuka makamo aliruhusiwa kuupita, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na viti viwili tu, kimoja cha mpumbavu anayechekwa na kingine cha mwovu anayeogopwa.

Kwa nini iwe filamu za taharuki hususa, na si mapenzi wala vichekesho? Sababu, nionavyo, imo katika kazi yenyewe. Mtunzi wa taharuki hana wasaa. Hadithi yake ni lazima imwambie mtazamaji, kwa muda wa dakika chache, nani wa kuogopwa, nani wa kuhurumiwa na nani wa kuaminiwa, ili hofu ianze kufanya kazi yake mapema. Na kwa kuwa hawezi kumjenga kila mtu tangu msingi, huazima dhana ambazo watazamaji wamekuja nazo kutoka majumbani mwao. Msichana mzuri ni wa kuokolewa. Mwanamume mwenye mvi ni wa kutegemewa. Mwanamke asiye mume ana lake jambo. Kikongwe cha kike katika nyumba kubwa yenye dirisha moja lenye taa kina siri, na siri hiyo si njema. Hata hivyo ufundi wa taharuki ni ufundi wa kuficha vilevile, na mwongozaji hodari ajua kwamba hapana maficho mazuri kuliko dhana ya mtazamaji mwenyewe, kwa kuwa mtu hachungulii pale anapoamini kwamba amekwisha kuona. Hivyo dhana zile zile huweza kutumika kwa njia mbili: kuwa hukumu, ambapo filamu inathibitisha kile tulichokidhani, au kuwa mtego, ambapo filamu inatushika tukiwa tunakidhani.

Nitaanza na hukumu, ambayo mifano yake ni mingi zaidi, na mfano ulio mzito kuliko yote ni Psycho ya 1960.

Kila aliyeiona analikumbuka bafu, na kisu, na vinanda vya Bernard Herrmann vinavyolia kama vinavyochinjwa. Lakini mimi namwomba msomaji amkumbuke mtu asiyeonekana akiwa hai hata mara moja katika filamu nzima, yaani mama wa Norman Bates. Tunamjua vipi? Twamjua kwanza kwa sauti, inayotoka katika nyumba ya kilimani na kumkemea mwana kwa sababu ya mgeni wa kike aliyemkaribisha chakula; nayo sauti hiyo ilitengenezwa kwa kuunganisha sauti za watu watatu, Virginia Gregg, Jeanette Nolan na mwanamume mmoja, Paul Jasmin. Twamjua tena kwa kivuli dirishani, na kwa gauni na kishungi cha mvi vinavyopita mbio mkononi mna kisu. Mwisho twagundua kwamba amekufa miaka kumi iliyopita, kwamba mwanawe ndiye aliyemwua yeye na mpenzi wake kwa sumu, na kwamba gauni na sauti na kisu vyote vilikuwa vya mwana.

Hapo ndipo filamu ingaliweza kumrudishia marehemu haki yake. Badala yake anasimama daktari wa magonjwa ya akili, mwigizaji Simon Oakland, katika ofisi ya polisi, mbele ya watu waliokaa kumsikiliza, akaeleza kwamba mama yule alikuwa mwanamke mng'ang'anizi, mwenye kudai mno, na kwamba mambo yote yalianzia hapo. Naye amejuaje? Husema mwenyewe: hakuyapata kwa Norman, ameyapata kwa mama, maana yake ameyapata kwa ile nusu ya akili ya Norman inayojiita mama. Yaani shahidi wa pekee juu ya tabia ya mwanamke aliyeuawa ni muuaji wake, akisema kwa sauti aliyomtungia. Kilicho ajabu zaidi, daktari huyo huyo, baada ya sentensi chache, anataja kwamba wivu ulikuwa wa Norman, na kwamba Norman alidhani mama naye ana wivu kama wake. Neno ambalo, lau lingalisikizwa kwa makini, lingaliangusha mashtaka yote yaliyotangulia. Halisikizwi. Mtazamaji anatoka katika jumba la sinema akiwa ameaminishwa kwamba nyuma ya kila kijana aliyeharibika yupo mama aliyemharibu, na jina la mama likabaki kuwa jina la kutisha watu, hali hakuna ajuaye alikuwa mtu wa namna gani.

Lipo na jambo jingine la umri katika filamu hii lisilotajwa sana. Kitabu cha Robert Bloch cha 1959, ambacho filamu ilitokana nacho, kinamtia Norman katika umri wa miaka arubaini, mtu mnene wa miwani, mpenda pombe, asiyevutia kwa lolote. Filamu ikamchukua Anthony Perkins, kijana mwembamba wa miaka 28, mwenye haya na tabasamu, akila peremende kama mtoto wa shule. Ufundi huo ni mkubwa na siukatai, kwa sababu ndio uliofanya tumwonee huruma hata pale anapopangusa damu. Ila tazama uzito ulihamia wapi. Mwana alipofanywa kijana na mwema wa sura, hatia iliyokuwa mabegani mwake ilitafuta bega jingine la kukaa, na bega lililokuwa karibu lilikuwa la yule bibi kizee asiyeweza kujitetea.

Mambo haya hayakuanza na Psycho. Katika Notorious mna tukio fupi ambalo naliona kuwa shule nzima ya fikra hii. Mwana amegundua alfajiri kwamba mke aliyemwoa ni jasusi wa Wamarekani. Anakwenda chumbani kwa mama, amwamshe amweleze. Mama anaketi kitandani, nywele zake zikiwa zimeshuka, anasikiliza, kisha ananyoosha mkono, achukua sigara, aiwasha polepole, na uso wake unajaa utulivu wa mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Tangu dakika hiyo uovu wa nyumba ile ni wake. Yeye ndiye anayepanga sumu itiwe kidogo kidogo katika kahawa ya mkwewe. Mwana, ambaye ndiye mshirika hasa wa watu wanaoficha madini ya urani katika chupa za mvinyo, anabaki kuwa mtu wa kuhurumiwa, mume aliyesalitiwa, na anapopanda ngazi mwishoni kwenda kwa wenziwe watakaomwua tunasikitika. Mwanamume aliyeishi kwa ajili ya chama cha wauaji tunamsikitikia. Mwanamke aliyewasha sigara tunamchukia.

Vertigo ya 1958 ina dhuluma ya namna nyingine, iliyo ya upole zaidi na kwa hiyo ngumu zaidi kuitambua. James Stewart, aliyezaliwa 1908, anampenda Kim Novak, aliyezaliwa 1933, na robo karne iliyo kati yao haitajwi na mtu. Lakini yupo na mwanamke wa tatu, Midge, mchoraji wa picha za matangazo, mwerevu, mkweli, mwenye miwani, ambaye twaambiwa kwamba alisoma chuo kimoja na Stewart na wakawa wachumba kwa majuma matatu. Aliyemwigiza ni Barbara Bel Geddes, aliyezaliwa 1922. Alikuwa mdogo wa huyo aliyesoma naye kwa miaka 14! Na bado yeye ndiye filamu inayemfanya mzee: anamtunza Stewart, anamwonya, hata anajiita mama mbele yake. Siku moja, kwa mapenzi na mzaha, anachora nakala ya ile picha ya kale inayomshughulisha Stewart, na mahali pa uso wa marehemu aliyechorwa anautia uso wake mwenyewe, miwani na yote. Stewart anaitazama, anasema kwamba haichekeshi, anaondoka. Midge anabaki pale akizivuta nywele zake na kujiita mjinga. Baada ya muda mfupi anatoka katika filamu, wala haulizwi tena. Kosa lake lilikuwa nini? Kwamba alitaka aonekane kwa sura yake, katika hadithi ambayo mwanamume anapenda sura aliyoitengeneza mwenyewe tu.

Tukifika mwaka 1962, hali ya waigizaji wa kike wenye umri ilikuwa imekwisha kufika mahali ambapo Bette Davis, mwenye miaka 54, aliyekwisha kupata tuzo mbili za Oscar, alitia tangazo katika gazeti la biashara ya sinema akitafuta kazi, akajieleza kuwa ni mama wa watoto watatu, aliyeachika, mwenye tajriba ya miaka thelathini. Wapo waliolichukua tangazo lile kuwa mchezo. Mimi nalichukua kuwa waraka wa ukweli. Mwaka huo huo ikatoka What Ever Happened to Baby Jane? ya Robert Aldrich, ambamo Davis na Joan Crawford ni ndugu wawili waliokuwa maarufu na sasa wamefungiana katika jumba moja, mmoja hawezi kutembea, mwingine amejipaka poda nyeupe na kujitia vishungi vya kitoto, na anamtesa mwenziwe hata kwa chakula. Filamu ilipata fedha, na kwa sababu ilipata fedha ikazaa nyingine za jinsi yake, kama vile Hush...Hush, Sweet Charlotte na Strait-Jacket, zote mbili za 1964, ambamo wanawake waliokuwa wakiitwa nyota waliitwa sasa kutisha watu kwa makunyanzi yao. Hao hao waliokataliwa kazi kwa kuwa wamezeeka walipewa kazi ya kuonyesha kwamba kuzeeka ni jambo la kuogofya.

Na hata hivyo Baby Jane yenyewe ina haki ndani yake ambayo warithi wake hawakuichukua. Muda wote tunaamini, na Jane naye anaamini, kwamba ndiye aliyemvunja dada yake uti wa mgongo kwa gari miaka mingi nyuma. Na pale ufukweni, dada akiwa taabani, anakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, alikusudia kumgonga Jane, akajiumiza mwenyewe, kisha akamwachia mwenziwe mzigo wa hatia umle akili. Mwanamke tuliyemwona mwendawazimu na mwovu alikuwa ameishi umri wake wote chini ya tuhuma ya uongo.

Nalitaja hili kwa sababu tuhuma ya uongo juu ya mwanamke mzee si jambo la sinema tu, na msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji maelezo marefu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa panga kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mojawapo ya dalili zilizochukuliwa kuwa ushahidi ni wekundu wa macho, ambao hutokana na kupika maisha yote katika moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe. Uso uliochoshwa na kulisha watoto wa watu ukafanywa barua ya mashtaka. Sidai kwamba Hollywood ndiyo iliyoyaleta haya. Yalikuwapo kabla ya mkanda wa kwanza kufika. Nadai tu kwamba picha ya ajuza wa kuogopwa, inapopita usiku baada ya usiku mbele ya vijana waliojazana katika mabanda ya video, haiangukii mahali patupu.

Mtu aweza kusema kwamba hizo zilikuwa zama za kale, na kwamba tangu wanawake walipoingia maofisini mambo yamegeuka. Yamegeuka kwa kiasi, ila umri ulikuwa umesogezwa karibu zaidi. Katika Fatal Attraction ya 1987, Glenn Close ni Alex Forrest, mhariri wa kampuni ya vitabu, mwanamke mwenye kazi yake na nyumba yake, anayelala na mwanamume mwenye mke kwa siku mbili na kisha akashika mimba. Alex anautaja umri wake: ana miaka 36, na mtoto huyo huenda ndiye nafasi yake ya mwisho. Hesabu hiyo ndogo, ambayo kinywani mwa mwanamume ingalikuwa habari ya kawaida, katika filamu ile ni mlio wa saa ya bomu. Mume, aliyeigizwa na Michael Douglas, aliyemzidi Close miaka mitatu hivi, hana saa inayomlilia.

Lililonishughulisha zaidi ni habari ya mwisho wake, ambayo ni ya kuaminika na imesimuliwa na waliohusika. Filamu ilikuwa na mwisho mwingine: Alex anajiua kwa kisu chenye alama za vidole vya yule bwana, na bwana anakamatwa na polisi. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji hawakuridhika, na Close mwenyewe akapinga kwa majuma mawili kubadilisha; lakini mwisho ulipigwa upya, na katika mwisho mpya Alex anaingia nyumbani na kisu, mume anamzamisha katika hodhi la kuogea, anafufuka, na mke halali anamwua kwa risasi. Ile hadithi ya kwanza ilikuwa na mwanamke aliyevunjika na mwanamume anayepaswa kujibu. Ya pili ina dubwana na familia iliyookolewa, tena ikaokolewa na mwanamke mwenziwe, ili mume asibaki na damu mikononi. Baraza lililotoa hukumu hiyo halikuwa la mwongozaji peke yake; lilikuwa la ukumbi mzima.

Kwa upande wa wanaume nitapita upesi, kwa kuwa njia yao ilikuwa nyepesi. Grant alipoigiza Charade mwaka 1963 pamoja na Audrey Hepburn, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 25, aliona haya, na akataka hadithi iandikwe hivi kwamba msichana ndiye amfuate yeye. Jambo linaloonyesha kwamba alikuwa na insafu kuliko waajiri wake. Katika Taken ya 2008 Liam Neeson, mwenye miaka 55, alianza maisha mapya ya kuwa mpiganaji, na filamu ile iliyagawa makundi ya umri na jinsia kwa ukatili usiofichwa: baba mzee ndiye nguvu yote, mama ndiye aliyekosea kumruhusu mtoto asafiri, bikira anaokolewa kwa sababu ubikira una bei, na rafiki yake asiye bikira anakutwa amekufa kitandani. Mwanamume naye ananyimwa kitu katika mpango huu, na ni vema kusema. Ananyimwa ruhusa ya kuchoka, ya kuogopa, ya kuwa mzee kwa maana yake ya kweli.

Nikirudi kwa wanawake, yuko pia Judi Dench, ambaye mwaka 1995, katika GoldenEye, akiwa na miaka 60, aliingia katika filamu za James Bond kuwa M, mkuu wa idara ya ujasusi, miaka mitatu tu baada ya Stella Rimington kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza MI5 ya Uingereza. Nilipomwona mara ya kwanza nilifurahi kwa furaha isiyo na kificho, kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa mwenye amri, na hakuna aliyemwita mama. Lakini katika Skyfall ya 2012 adui, aliyeigizwa na Javier Bardem, anamwita mama. Hadithi yote inakuwa ya wana wawili wanaomgombania mzazi mmoja. Wakubwa wa serikali wanamtaka astaafu. Naye anafia mikononi mwa mwana mwema katika kanisa dogo, nafasi yake ikachukuliwa na mwanamume. Bernard Lee, aliyekishika cheo hicho hicho katika filamu za 1962 hadi 1979, hakuulizwa na mtu kuhusu uzazi wake, wala hadithi haikumwua ili iishe vizuri.

Sasa niseme juu ya ile njia ya pili, ya dhana kuwa mtego. Nayo Hitchcock, ambaye nimemlaumu kwa urefu kwa ajili ya Psycho, Notorious na Vertigo, ndiye aliyeiacha mifano iliyo bora.

Katika Shadow of a Doubt ya 1943, Joseph Cotten ni mjomba Charlie, mtanashati anayekuja kukaa kwa dada yake katika mji mdogo wa Santa Rosa, California, na ambaye kazi yake ya siri ni kuwahadaa na kuwanyonga wajane matajiri. Usiku mmoja, familia ikiwa mezani, anaanza kusema juu ya wajane wa mijini: wanawake waliofiwa na waume wao wachapa kazi, wakabaki kula fedha, kunywa fedha, kucheza karata, wanene, wazee, wenye tamaa. Anasema taratibu, kwa ufasaha, na kamera inamsogelea upande wa uso hata uso unajaza kiwambo chote. Kutoka nje ya picha mpwa wake, msichana aliyeitwa Charlie kwa jina lake, anapaza sauti: lakini hao ni hai, ni watu! Naye mjomba anageuza uso, anatutazama sisi moja kwa moja, anauliza kama kweli ni watu. Sijui tukio lingine katika sinema ambalo dhana ya umri na jinsia imevuliwa nguo namna hii. Kila alilolisema mjomba lilikuwa limesemwa na filamu mia kwa mzaha. Hapa limetiwa kinywani mwa muuaji, nasi tumetakiwa tumjibu. Na mwongozaji hakuishia kwenye maneno: ametuonyesha mjane mmoja, bibi Potter, mchangamfu, mwenye kupenda mazungumzo, anayepanda garini moshi mwishoni bila kujua alivyokaribia kaburi.

Mfano wa pili ni wa miaka mitano nyuma, The Lady Vanishes ya 1938, na huu ndio niupendao kuliko wote. Msichana Iris, aliyeigizwa na Margaret Lockwood, yumo katika garimoshi linalopita nchi ya kubuniwa ya Ulaya ya kati; kichwa kinamwuma kwa pigo la chungu cha maua, na bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu wa watoto wa watu, anamhudumia, anampeleka kunywa chai. Kelele za magurudumu zinamzuia Iris kulisikia jina lake, basi bibi analiandika kwa kidole katika ukungu wa kioo cha dirisha: Froy. Iris analala. Anapoamka, bibi hayupo, na kila abiria anamwambia kwamba hakuwapo kamwe.

Wako waliotia mkono katika njama, na hao ni rahisi kuwaelewa. Walio wazito ni wengine. Mabwana wawili wa Kiingereza wanakanusha kwa sababu wakisimamisha safari watakosa mchezo wa kriketi Manchester. Wakili anayesafiri na mwanamke asiye mkewe anakanusha kwa kuchelea kashfa. Na daktari maarufu, ambaye yeye yumo katika njama, anaeleza kwa utulivu kwamba msichana amegongwa kichwa, kwa hiyo bibi huyo ni ndoto ya ubongo. Na elimu yake, na uanaume wake, na ujana wa Iris, vinatosha kuyafanya maneno yake kuwa mazito kuliko macho ya aliyeona. Hakuna uchawi uliotumika kumpoteza Miss Froy. Alipotea kwa kuwa ni mwanamke mzee wa suti ya sufu, ambaye watu walimwona wakahesabu kwamba kumwona si jambo la kuligharimia chochote.

May Whitty, aliyemwigiza, alikuwa amevuka miaka 70. Na jasusi, kama ijulikanavyo baadaye, ni yeye: miaka yote ya kufundisha watoto alikuwa akiitumikia serikali yake, na siri aliyokuwa ameibeba ameihifadhi katika wimbo mfupi, kwa kuwa ajuza anayeimba peke yake hakuna anayemshuku. Dhana ya watu ilikuwa vazi lake la kazi. Watu wanapomfyatulia risasi, anateremka dirishani, anakimbia msituni kwa miguu yake.

Lakini filamu ilitokana na kitabu cha Ethel Lina White, The Wheel Spins, cha 1936, na katika kitabu Miss Froy si jasusi. Ni mwalimu wa nyumbani tu, msemaji sana, aliyeshuhudia jambo pasipo kulijua, na anayo haraka ya kurudi Uingereza kwa wazazi wake wawili walio wazee kuliko yeye, na mbwa wao, ambao wanamngoja na kuhesabu siku. Nimeyalinganisha mara nyingi. Filamu ilimpa kazi, akili na ujasiri, vitu ambavyo wanawake wa umri wake hawakupewa na filamu nyingine, nami naishukuru. Ila ili Iris awe na haki ya kumtafuta, ilimbidi awe na faida kwa dola. Bibi White hakudai hayo. Katika kitabu msichana anahatarisha roho yake, wasafiri wote wakimwona kichaa, kwa ajili ya mwanamke aliyemnunulia chai na kumchosha kwa hadithi za nyumbani kwao, na mwandishi hakuona haja ya kutuongezea sababu nyingine.